Habari za Mifarishi ya Viraka

Wengi wetu tukiona kiraka twaona umaskini. Mtoto akienda shuleni na kaptura yenye viraka, wenziwe humcheka. Na mama akijitayarisha kwenda kanisani siku ya Jumapili, nguo yenye kiraka huiacha nyumbani. Hatuwalaumu, maana kila mtu apenda kuonekana vema mbele ya watu. Lakini mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za wanawake ambao kwao viraka vilikuwa kinga ya baridi, tena faraja wakati wa msiba, tena kitabu cha historia kwa watu walionyimwa vitabu. Wanawake hao ni watu weusi wa kusini mwa Marekani, ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika.

Kwanza yafaa tueleze kazi yenyewe, ili kila msomaji aelewe. Mfarishi ni nguo nzito ya kujifunika kitandani, nayo ina tabaka tatu. Juu ni nguo ya kuonekana. Chini ni bitana. Na katikati hutandazwa pamba. Kisha tabaka zote tatu hupigwa bandi nyingi ndogo ndogo, ili pamba isikusanyike mahali pamoja ikaacha pengine patupu. Mwenye fedha aweza kununua jora zima la kitambaa kizuri kwa kazi hii. Mwanamke maskini hukusanya vipande vilivyosalia: pindo la gauni, mguu wa suruali iliyotatuka, mfuko wa unga ulio mtupu. Huvikata, huvilinganisha, huviunga kimoja kimoja, hata vitoshe upana wa kitanda. Huo ndio mfarishi wa viraka.

Habari hizi si mbali nasi kama mtu awezavyo kudhani. Wazee wetu waliijua sana nguo nene iitwayo merikani, na jina lake lataja nchi ilikotoka. Mwaka wa 1833 Seyyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka wa 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Bwana Richard Waters, alifika Unguja kutoka mji wa Salem. Merikebu za Salem zilileta majora ya merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Misafara ikaichukua nguo hiyo bara mpaka Tabora na Ujiji, ikatumika kama fedha.

Sasa tuulize: pamba ya nguo hiyo ilitoka wapi? Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, upande wa kaskazini, lakini ililimwa kusini, na waliopalilia na kuichuma walikuwa watumwa. Mwaka wa 1860 watumwa wa Marekani walikaribia 4,000,000. Basi mpagazi wa Kinyamwezi aliyejitwika mzigo wa merikani alikuwa amebeba jasho la Waafrika wenziwe walio ng'ambo ya bahari, wala hakujua. Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, pamba ikakwama, merikani ikaadimika Unguja, na wafanya biashara wakaleta nguo za Uingereza na za Bara Hindi mahali pake. Vita vilikwisha mwaka wa 1865, na watumwa wote wa nchi ile wakawekwa huru. Miaka minane baadaye, yaani mwaka wa 1873, soko la watumwa la Unguja nalo likafungwa.

Mwaka uleule wa 1837, konseli alipofika Unguja, alizaliwa mtumwa mmoja wa kike katika jimbo la Georgia, karibu na mji wa Athens. Jina lake ni Harriet Powers. Aliolewa akiwa mtumwa, akazaa watoto, na baada ya uhuru yeye na mumewe wakajipatia shamba dogo la ekari chache. Bibi huyu alikuwa mshonaji, naye alishona mfarishi usiofanana na mwingine. Hakuunga viraka vya mraba tu. Alikata vipande vya nguo kwa umbo la watu, wanyama, nyota na malaika, akavishona juu ya kitambaa kikubwa, mpaka mfarishi mzima ukawa masimulizi ya Biblia.

Mfarishi huo una sehemu 11. Mwanzo wake ni Adamu na Hawa bustanini, na nyoka akiwashawishi. Kaini yupo, amuua nduguye Habili. Yakobo yupo, amelala, na ngazi yake. Kisha Bwana wetu abatizwa Yordani, kisha msalaba, na Yuda Iskariote yupo na vile vipande 30 vya fedha. Karamu ya mwisho ipo, na mwisho ni Yusufu, Mariamu na Mtoto. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja angeweza kusimama mbele ya mfarishi huo akasikia habari ya anguko letu na wokovu wetu toka mwanzo hata mwisho.

Mwaka wa 1886 mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu mmoja wa kuchora picha, mwanamke mzungu aitwaye Jennie Smith, aliuona, akautafuta mwenyewe, akataka kuununua. Bibi Harriet akakataa. Hakutaka kuachana nao kwa bei yo yote. Lakini miaka michache baadaye hali ikawa ngumu nyumbani kwake. Mumewe akamshauri auze. Basi akaupakia mfarishi katika gari la kukokotwa, akaufunga vizuri kwa nguo nyingine usichafuke, akaenda kwa yule mwalimu. Aliomba dola 10. Mwalimu akasema hana zaidi ya dola 5. Bibi Harriet alishauriana na mumewe, akakubali.

Kabla ya kuondoka alieleza maana ya kila sehemu, na mwalimu akaandika maneno yake. Ndiyo sababu twajua leo kila picha ni ya nani. Hata baada ya kuuza, hakuweza kuusahau. Alirudi mara kadhaa nyumbani kwa yule mwalimu ili autazame tu, kama mama aendavyo kumtazama binti yake aliyeolewa mbali. Tufikiri kidogo juu ya safari hizo. Mwanamke huyu alizaliwa mali ya mtu mwingine. Alipokuwa huru, kitu alichokiumba kwa mikono yake mwenyewe kikaenda kwa dola 5 kwa sababu ya dhiki. Haki ya kukimiliki ilikwisha, lakini haki ya kukikumbuka hakuna aliyeweza kumwondolea.

Baadaye alishona mfarishi mwingine wenye sehemu 15, na mwaka wa 1898 ulipewa mchungaji mmoja kuwa zawadi. Humo aliweka Yona na samaki, na Musa, na Ayubu. Lakini zaidi ya Biblia aliweka mambo ya ajabu yaliyotokea katika nchi yake. Moja ni usiku wa Novemba 1833, vimondo vilipoanguka kama mvua hata watu wakadhani siku ya hukumu imefika. Usiku huo ulikuwa miaka minne kabla hajazaliwa. Basi aliusikia kwa wazee, akaushika moyoni zaidi ya miaka 50, akaushona. Je, hiyo si kazi ya mwandishi wa historia? Bibi Harriet alifariki mwaka wa 1910. Kazi zake zijulikanazo zilizosalia ni hizo mbili tu: wa kwanza umehifadhiwa Washington, katika jumba la makumbusho la Smithsonian, na wa pili katika jumba la makumbusho mjini Boston.

Mtu aweza kusema: Huyo alikuwa na kipaji cha peke yake, wanawake wengine je? Kwa hiyo twende jimbo la Alabama, mahali paitwapo Gee's Bend. Mto Alabama umepinda hapo, ukazunguka nchi pande tatu, hata kijiji kikawa karibu kama kisiwa. Mwaka wa 1816 mzungu jina lake Joseph Gee alifungua shamba la pamba hapo kwa kazi ya watumwa, na mahali pakapata jina lake. Mwaka wa 1845 shamba likapita kwa jamaa yake, Mark Pettway, naye akaleta watumwa wapatao 100 kutoka North Carolina, wakitembea kwa miguu. Baada ya uhuru wengi wao hawakuwa na pa kwenda. Walibaki palepale, wakalima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, wakichukua jina la Pettway hata leo.

Maisha yao yalikuwa ya deni. Mfanya biashara wa mji wa Camden aliwakopesha mbegu na chakula, nao wakalipa kwa pamba. Bei ya pamba ikaanguka, deni likaongezeka mwaka hata mwaka. Mwaka wa 1932 yule mfanya biashara akafa, na jamaa zake wakataka deni lote mara moja. Watu wenye silaha wakaja wamepanda farasi, na magari nyuma yao. Walichukua ng'ombe, nyumbu, nguruwe na kuku, walichukua majembe, walichukua mahindi na viazi vitamu vilivyowekwa akiba. Wanakijiji waliachwa na majira ya baridi mbele yao, ghala tupu. Waliishi kwa unga wa msaada wa Msalaba Mwekundu, na kwa matunda ya mwituni, na kwa mawindo.

Nyumba zao zilikuwa za magogo, na upepo ulipita kati ya nyufa. Walibandika magazeti ukutani kuziba, na usiku walijifunika mifarishi, mmoja juu ya mwingine. Hapo hakuna aliyeshona kwa kujipamba. Kila kipande cha nguo kilikuwa na kazi. Nguo ya shambani ilivaliwa hata magoti yakatoboka, ikatiwa kiraka, ikavaliwa tena, na ilipokuwa haivaliki kabisa, ikachanwa, ikawa mfarishi. Magunia ya unga na ya mbolea yakawa bitana. Pamba ya kati ilikuwa mabaki yaliyookotwa, nayo ilipigwa kwa fimbo mpaka ikalainika. Na mfarishi ulipochakaa, ulichomwa polepole ili moshi wake ufukuze mbu. Hakuna kilichopotea.

Kuunga viraka kila mwanamke alifanya peke yake, kwa mpango wa kichwa chake mwenyewe. Lakini kupiga bandi walifanya pamoja, wamezunguka fremu ya mbao, wakiimba nyimbo za dini na kuomba. Leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Wasomaji wetu wanaojua ujima wa kulima na kuezeka nyumba watafahamu vema jambo hili bila kuelezwa.

Sasa twafika kwenye habari iliyotufanya tuandike makala hii. Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Missouri Pettway, na mumewe Nathaniel. Mume aliugua muda wa miezi minane hivi, kisha akafariki. Mjane alibaki na watoto. Mmoja wao, binti aitwaye Arlonzia, wakati huo alikuwa kijana wa miaka kama 18, naye alipokuwa mzee ndiye aliyesimulia mambo haya.

Alisema kwamba mama yake alizichukua nguo za kazi za marehemu. Hakuzitupa, wala hakuzifungia sandukuni. Alisema atazifanya mfarishi, apate kumkumbuka mumewe, tena ajifunike chini yake kwa ajili ya upendo. Mama na binti wakazichana suruali na mashati, wakaviunga vipande. Huo ulikuwa mwaka wa 1942. Rangi zake ni za nguo iliyopauka kwa jua na kufuliwa mara nyingi: buluu iliyofifia, kahawia, nyeupe iliyo chafuka kidogo, na alama za kazi ya shambani hazikutoka.

Katika mifarishi ya namna hii mna jambo moja ambalo mtu hawezi kulisahau akiisha kuliona. Mahali mfuko ulipofumuliwa, rangi ya nguo imebaki mbichi kama siku iliponunuliwa, kwa sababu jua halikuifikia. Pande zote zimepauka, lakini hapo pana mraba wa buluu iliyokoza, alama ya pale mtu alipozoea kutia mkono wake.

Katika nyumba zetu nyingi, msiba ukiisha, ndugu hukutana wakagawana nguo za marehemu. Koti zuri lina mtu wake, na kanzu ya sikukuu ina mtu wake. Lakini ile shati ya shamba, iliyooza mabegani kwa jasho, nani huitaka? Hutupwa, au hufanywa tambara la kufutia. Bibi Missouri alichukua hiyo hasa. Alijua kwamba nguo ya sikukuu mumewe aliivaa siku chache tu katika mwaka, bali nguo ya kazi ndiyo iliyokaa mwilini mwake kila siku alipokuwa akiwatafutia wanawe chakula. Ikiwa kumbukumbu yake iko katika nguo yo yote, imo katika hiyo.

Tena tutazame namna ya faraja aliyoipata. Katika siku za kwanza za msiba watu huja kwa wingi, wakalala matanga, wakapika, wakaimba. Siku zile si nzito kuliko zote. Nzito ni juma lifuatalo, wageni wakiisha kwenda, na mjane akiamka asubuhi akakuta nyumba kimya. Maneno mazuri ameyasikia yote. Sasa mikono yake yataka kitu cha kufanya. Kazi ya viraka yampa kazi iliyo nyepesi hata mtu mwenye huzuni aweza kuifanya, nayo haimlazimishi kumsahau marehemu ili aitimize. Kila kipande akishikacho chamwambia jambo: hiki alikivaa mwaka wa mavuno mengi, hiki kilichanika kwenye ua. Machozi yakija, na yaje, sindano yangoja. Na mwisho wa kazi pana kitu cha kuwafunika watoto usiku. Huzuni haikuondolewa, lakini imetiwa kazini.

Mifarishi hiyo haikubaki siri ya kijiji. Baada ya mwaka wa 1935 serikali ya Rais Roosevelt iliinunua ardhi ya Gee's Bend, ikawauzia wenyeji mashamba na nyumba mpya kwa malipo ya polepole. Mwezi wa Februari 1965 Mchungaji Martin Luther King alihubiri katika kanisa la Wabaptisti la hapo, akiwatia moyo wadai haki ya kupiga kura. Na mwaka wa 1966 wanawake wa wilaya ile walianzisha chama cha ushirika cha kushona na kuuza mifarishi. Mwaka wa 2002 mifarishi ya kijiji ilionyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York, na mwaka wa 2006 mifarishi 10 ilitiwa katika stempu za posta za Marekani. Mfarishi wa Bibi Missouri nao umo leo katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington. Shati la mkulima aliyenyang'anywa hata kuku wake sasa lalindwa na serikali.

Twaona kwamba wale waliokuja na farasi mwaka wa 1932 walichukua kila kilichokuwa na bei. Mabaki ya nguo hayakuwa na bei, yakaachwa; na mabaki hayo ndiyo yaliyofanya jina la kijiji lijulikane duniani. Bwana wetu naye, alipokwisha kuwashibisha watu nyikani, hakusema vipande vya mikate vilivyosalia si kitu. Aliamuru vikusanywe visipotee.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, twasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakuweza kueleza wema wake kwa maneno, basi wakaonyesha mishono yake. Ushahidi huo Luka hakuudharau. Aliuandika katika kitabu kitakatifu. Nasi tusiudharau. Wazee wa Pwani husimulia kwamba kanga zetu za kwanza zilikuwa leso za mraba ambazo wanawake waliziunga kwa sindano zikawa nguo moja. Basi nasi tu wana wa watu walioungaunga vipande.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, na hasa ninyi akina mama na walimu wa kushona, kabla hamjatupa nguo kuukuu iliyo sandukuni mwa mama au bibi, mwulizeni mwenyewe, ikiwa yu hai bado: ilinunuliwa wapi, kwa mavuno gani, ikavaliwa siku gani. Mwenye kalamu na aandike majibu. Na mwenye msiba juma hili, aliye na shati la kazi lililoachwa msumarini na mtu asiyerudi tena, asione haya kulichukua, akatafuta mkasi, akaketi karibu na jirani yake, akaanza kushona.